Nani Amefunga Jua?

12 Septemba

Mvua ya kwanza. Imeangukia mabati ya salle yangu, ukumbi wa michezo ya televisheni hapa Birere, mjini Goma, kwa kelele kubwa hata wateja wawili waliokuwa wakicheza mpira wakawa wanafunga magoli kimyakimya, kama watu wanaoiba.

Mke wangu Pascasie anasema mwanaume wa umri wangu anayeanza kuandika shajara, ama anakaribia kufa, ama ananenepa. Mimi nanenepa.

Niseme basi mimi ni nani, maana hata mwenyewe nasahau. Naitwa Florent, Mnande, wa wale watu wa Butembo wanaosemwa kuwa hufungia bidhaa depo, yaani ghalani, mpaka bei ipande. Zamani chumba hiki kilikuwa studio ya picha. Nilichora turubai ya ndege na ngazi yake, watu wakaweka mguu mmoja kwenye ngazi, mkoba mkononi, nikawapiga picha wanaenda Brussels. Wengine walifika Brussels mara nyingi sana, kisha wakarudi nyumbani kula sombe, majani yetu ya muhogo. Halafu simu zikaja na picha zake, studio ikafa, nikanunua televisheni mbili na mashine za mchezo. Turubai bado iko ukutani. Kazi ni ileile: nauza mahali pasipokuwepo.

15 Septemba

Vita imesogea tena huko Rutshuru. Leo baba mkwe wangu, Muzee Habarurema, ametokea mlangoni akitoka kijijini kwake Kiwanja. Amekuja na koti, kofia, na jembe lisilo na mpini lililofungwa kwenye gunia. Mpini, anasema, aliutupa njiani ulipokuwa mzito. Jembe halikuwa zito.

Nimemwambia, "Karibu nyumbani, Papa."

Amejibu akitazama pembeni, "Ninapita tu, mukwe."

Kwao mtu halali chini ya paa la mume wa binti yake. Wala hali chakula huku mkwe akimwangalia mdomo. Kwa hiyo amelala jikoni, karibu na makaa, ili paa lihesabiwe kuwa la binti yake. Nami nimekula nikiangalia ukuta. Nina shingo fupi, si kazi rahisi.

20 Septemba

Mvua. Muzee hakula.

24 Septemba

Mvua tena, ile mvua nzuri ya asubuhi inayonyesha polepole. Kwangu mimi, mtoto wa mjini niliyekulia juu ya mawe ya volkeno, mvua ni matope ya kwenda Birere. Kwa Muzee ni mtu anayemwita kwa jina. Amekaa kizingitini tangu alfajiri, viganja wazi, anaipima.

"Sasa banapanda," amesema. "Mimi niko hapa kama kuku ya mugeni. Kesho ninarudi."

Pascasie ameweka chini sufuria. "Papa, barabara imefungwa. Juzi kuna batu balijaribu kupita, bakapigwa."

"Udongo haijui barabara imefungwa."

Baadaye Pascasie amenifuata nyuma ya nyumba, macho mekundu. Anasema baba yake atakwenda, anamfahamu, ataondoka siku moja akisema anakwenda kununua chumvi. "Fanya kitu, Florent."

"Mimi nifanye nini?"

"Si wewe ndiye unajua kudanganya batu na picha?"

Ndoa ya miaka yote hii, na bado anapata mahali papya pa kunichoma.

28 Septemba

Milio ya risasi upande wa Kibati, kaskazini ya mji. Salle ilikuwa imejaa. Guylain, mwendesha moto, teksi ya pikipiki, ambaye hutumia muda mwingi kwenye kiti changu kuliko kwenye pikipiki yake, alikuwa anacheza mchezo wa vita. Milio ya nje ilipoanza, alifanya wanavyofanya wote: aliongeza sauti ya televisheni. Ile ya kweli ikafunikwa na ile ya bandia, na vijana wakatulia. Jambo hilo nimeliona mara nyingi na bado sijui kama ni la kucheka.

Muzee alikuwa mlangoni, ameniletea chakula kutoka kwa Pascasie. Alisikiliza, kichwa upande.

"Hiyo bunduki iko nchi gani?"

"Ya jeu tu, ya mchezo, muzee," Guylain akamwambia. "Lakini angalia, iko réelle, ya kweli kabisa! Ona jasho ya ule askari."

"Haina mwangwi," Muzee akasema. "Huko hakuna milima?"

Guylain alimtazama Muzee, akatazama televisheni, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, aliacha mchezo kabla ya muda wake kwisha.

2 Oktoba

Nimefanya kitu.

Kulikuwa na mchezo wa kilimo ambao Guylain aliuleta zamani na hakuna mteja aliyeutaka. Nani atalipa kwenda kulima, na amekuja mjini kukimbia jembe? Nimeuwasha asubuhi, kabla ya watu. Nikamwambia Muzee aje anisaidie kuangalia kitu nisichokielewa, na hiyo kwa kweli si uongo, mimi sijui mbegu inawekwa upande gani.

Shamba likafunguka. Sijui nieleze vipi. Jua lilikuwa linatoka, ukungu mwembamba juu ya nyasi, na kila jani na umande wake. Upepo ukipita, nyasi zinainama kwa zamu, siyo zote pamoja. Nimechora turubai maisha yangu yote na sikuwahi kuinamisha jani moja.

Muzee alisimama mlangoni. Kisha akavua mabuti, akayaweka nje ya mlango, akaingia na miguu mitupu.

"Udongo huu una mawe?"

"Hapana, Papa."

"Basi siyo Goma."

Nikampa kile kidude cha mkononi tunachokiita manette. Alikishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwingine. Guylain alipofika akamwonyesha vidole vinavyokwenda. Kufikia saa sita Muzee alikuwa anatembea ndani ya mchezo, kando ya shamba, polepole. Alitembea mpaka barabarani, akapita nyumba moja, akapita nyingine, akarudi.

"Mwaramutse," akasema kwa televisheni, salamu ya asubuhi ya Kinyarwanda, lugha ya kwao. Akangoja. "Batu ya hapa bako wapi?"

"Hakuna watu, Papa. Ni shamba tu."

"Kijiji gani hii, hakuna mutu wa kusalimia?"

Lakini alikaa.

6 Oktoba

Amelima upande wa mashariki. Trekta anaidharau ("inalia sana kwa kazi kidogo") ila anaitumia. Jioni alimwambia Pascasie kwamba mgongo unamuuma. Pascasie akaniangalia. Nami nikaangalia ukuta, nimeshazoea.

Amekula ugali wote.

11 Oktoba

Amepanda mahindi. Alitafuta maharagi ya kupanda katikati, hakuna katika mchezo. Alihuzunika siku nzima kwa ajili ya mahindi hayo: yataota peke yao, bila mwenzao.

14 Oktoba

Leo mvua ilinyesha ndani ya mchezo na juu ya mabati yangu kwa wakati mmoja. Muzee alivuta kola ya koti. Mimi pia, nikiwa kwenye kiti changu kikavu, nilivuta kola. Nilijiona nikifanya hivyo na sikujizuia.

20 Oktoba

Mahindi yameota! Nimeandika kwa alama ya mshangao kama mtoto wa shule, na siifuti.

Muzee amebadilika. Anaamka kabla yetu. Anamkaripia Guylain aliyepitisha pikipiki ya mchezo juu ya mistari: "We, kijana! Mama yako alikuzalia barabarani?" Wateja wa mpira wanapiga kelele akifika: "Patron, bosi ya shamba!" Naye anawanyooshea kidole, anafurahi, anakanusha kwamba anafurahi. Nimeanza kupita salle mapema ili nione majani yamefika wapi. Jana nilimweleza Pascasie kitandani kwamba upande wa chini una unyevu mwingi. Aliuliza kwa upole upande wa chini wa nini.

Jioni hii, tukitembea kurudi nyumbani, Muzee amesema, "Nikivuna hii, mukwe, nitaenda. Mutu haachi shamba yenye mahindi. Lakini ikiisha kuvuna, nitaenda kwangu."

Nilikuwa nimejenga uzio, na sasa naona uzio wenyewe una mlango.

21 Oktoba

Ndani ya mchezo mwezi mmoja unapita kwa siku moja ya umeme usiokatika. Mahindi yale yatakomaa kabla wiki haijaisha, na barabara ya Kiwanja bado ni ya risasi.

Kwenye mipangilio kuna mahali pameandikwa kwa Kifaransa "vitesse du temps", mwendo wa wakati. Nimeushusha mpaka mwisho. Sasa saa moja ya mle ndani inachukua siku nzima ya huku nje, na kwa jinsi umeme wa Goma unavyokuja na kuondoka, mahindi hayo yatanizika.

Sikumwambia mtu. Nilijisikia kama mungu mdogo, mnene, anayeogopa mke wake.

29 Oktoba

Mahindi yako palepale. Asubuhi ya mle ndani imekuwa ndefu. Kivuli cha mti hakisogei. Muzee anapalilia palipokwisha kupaliliwa.

3 Novemba

Palepale.

9 Novemba

Jana usiku niliota niko ndani ya shamba lile. Jua lilikuwa katikati na halitaki kushuka, nami naanza kuchoka, natafuta kivuli, hakuna. Nikasikia watu nyuma ya mahindi wanaongea Kinyarwanda, wanacheka, lakini kila nikifika upande ule, wao wako upande wa pili.

Leo Muzee amesogea mpaka kwenye televisheni, akaweka kiganja kwenye kioo, pale penye jani. Akakaa hivyo.

"Mahindi hii haigonjwi," akasema. "Haikauki. Haikomai. Nilishaona nzige, nilishaona jua kali, nilishaona ng'ombe ya jirani. Hii sijaiona."

Hakula jioni.

15 Novemba

Naandika nikiwa nimelowa mpaka mifupani. Nianze na asubuhi.

Pascasie alikuja salle akikimbia, kitambaa cha kichwa mkononi. Baba yake alisema anakwenda kununua chumvi. Jembe halipo.

Guylain hakuuliza kitu, aliwasha pikipiki. Tukaenda barabara ya kaskazini, mvua usoni, mimi nimemkumbatia kiunoni kama bibi harusi. "Patron," alipiga kelele, "pumua kidogo, unanivunja mbavu!" Kila mzee mwenye koti tuliyempita nilimwita Papa. Watatu waliitika, si wangu.

Kibati, pale watu waliokimbia vita walipojenga vibanda vyao vya turubai, tulisikia kicheko. Kundi la watu chini ya hema moja, na katikati, juu ya ndoo iliyopinduliwa, Muzee. Mbele yake alisimama mwanamke mrefu, jembe la Muzee mkononi mwake. Baadaye nilijua ni Nyirarukundo, mjane, jirani yake wa Kiwanja, shamba lake likipakana na la Muzee.

"Ni huyu njo mukwe?" akauliza, akinipima tumbo. "Basi chakula Goma kweli kiko. Baba yako alitaka kupita hapa aende Kiwanja. Nimemunyanganya jembe. Sasa anatuambia ana shamba ndani ya televizyo, na mahindi yake imekataa kukomaa. Tumesema vita imemuharibia kichwa. Ni kweli ao si kweli?"

"Waambie, mukwe," Muzee akasema.

"Ni kweli," nikasema. "Shamba lipo."

Wakacheka tena, lakini kidogo. Muzee hakucheka. Alinitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, alinitazama machoni moja kwa moja, nami sikuwa na ukuta wa kutazama.

"Nililala nikifikiri," akasema. "Nikasema, kama mahindi ile haikomai, hiyo haitoki kwa udongo, inatoka juu. Kivuli ya mti haitembei. Mukwe, nani amefunga jua?"

Mvua ilikuwa inapiga hema. Guylain alinigeukia, na nikaona kwamba ameelewa.

"Mimi, Papa."

"Juu ya nini ulifanya vile?"

"Ulisema ukivuna utaondoka. Niliogopa utafia njiani. Nikasema, yasikomae."

Kisha Nyirarukundo akapiga makofi mara moja, akainama kwa kicheko mpaka jembe likamwanguka. "Wanande! Mungu wangu! Batu ya Butembo! Mpaka jua munatia ndani ya depo, mungoje bei ipande!"

Hema lote likaanguka kwa kicheko. Mimi pia, nifanyeje, depo ni mimi. Hata Muzee mdomo ulimcheza. Lakini kilipokwisha alisimama.

"Umefanya vile mutoto anafanya kwa baba yake," akasema. "Asante. Sasa fungua jua. Nitavuna, na nikiisha kuvuna nitaamua mwenyewe. Lakini sivuni peke yangu. Kwetu mutu havuni peke yake, hata mwizi."

16 Novemba

Nimemweleza Pascasie kila kitu. Alinisikiliza akichambua mchele.

"Ukifungua, ataenda."

"Nisipofungua ataenda pia, ila akiwa amekasirika."

Alichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Kisha akasema, "Fungua. Lakini wewe njo utaniambia mimi siku atakapoondoka. Usinitumie mutu."

Nimefungua. Kivuli cha mti kilianza kutembea kama mtu anayeamka na ganzi mguuni.

19 Novemba

Siku ya mavuno. Sitalala mpaka niandike yote.

Walifika asubuhi kwa miguu kutoka Kibati, wamevaa nguo zao za Jumapili, zile zilizonusurika. Nyirarukundo mbele. Ndayambaje, mzee mwenye jicho moja, nyuma, na kidumu cha kasiksi, pombe ya ndizi, alichosema ni dawa. Wengine nyuma yao, kina mama wengi. Mlangoni waliona mabuti ya Muzee nje, wakavua viatu nao. Wateja wa mpira waliwapisha viti bila kuambiwa. Mimi na Guylain tukakaa chini, chini ya ndege yangu ya Brussels.

Mahindi yalikuwa yamekauka vizuri, rangi ya majani makavu, na jua la jioni la mle ndani likipita katikati yake. Mtu mmoja alitoa pumzi. Kina mama wakanyamaza. Naapa chumba kilinuka mahindi, ingawa ninajua ni yale ambayo Pascasie alikuwa anachemsha nje.

Mashine ya kuvunia ni kubwa kama kanisa, ingemaliza shamba kabla kasiksi haijamiminwa. Muzee alikataa mtu mmoja aiendeshe mpaka mwisho. "Mustari moja, mutu moja," akasema. Basi manette ikapita mkono kwa mkono. Anayevuna anavuna mstari wake, wengine wanamwimbia, akifika mwisho anampa jirani yake. Nyirarukundo alianzisha wimbo, na kila aliyekosea njia aliwekwa ndani ya wimbo. Ndayambaje aliiingiza mashine mtoni.

"Jicho yake ile nyingine ilibaki Kiwanja!" wakaimba.

"Iko inachunga nyumba!" akawajibu.

Na mimi walinipa mstari. Mtoto wa mjini. Nilivuna mstari uliopinda kama upinde. Sitaandika walichoniimbia, isipokuwa kwamba depo ilikuwemo.

Ukingoni Muzee alisimamisha mashine. Alibakiza mistari miwili ya mwisho, ya wajane na wapita njia, kama wanavyofanya kwao. Mchezo ukaandika kwamba kazi haijakamilika. "Inasema tumalizie," Guylain akamtafsiria.

"Iambie haina adabu."

Halafu wakataka kutembea. Muzee akashika manette, wakatoka shambani kwenda barabarani, chumba kizima, polepole, jua likishuka. Nyimbo zilikuwa zimekwisha. Tukapita nyumba yenye maua dirishani. Hakuna moshi. Hakuna mbuzi. Mlango wa pili, wa tatu.

"Hapa tuseme kwangu," Nyirarukundo akasema kwa sauti ndogo.

"Basi ile ya kilima ni kwetu," akasema mwingine.

"Chapel, kanisa yetu, pale penye mti."

"Kwa Ndayambaje huku chini, karibu na mto."

"Siyo karibu na mto tena," akasema Ndayambaje, "nimeshaona vile ule mto unanitaka."

Kila mmoja akaweka nyumba yake. Muzee akawapitisha mlango kwa mlango, na kwa kila mlango alisimama na kusema, "Mwaramutse," ingawa mle ndani ilikuwa jioni. Akangoja. Mwanzoni wenye nyumba waliitika kutoka kwenye benchi, wakicheka. Kisha wakaacha kucheka, wakaitika tu. Alipofika nyumba ya mwisho, iliyokuwa yake, alisema, "Mwaramutse," na hakuna aliyeitika. Mkewe alikufa zamani. Pascasie alikuwa mlangoni, na mwiko mkononi. Aliitika yeye.

Muzee akaweka manette chini.

"Mavuno imekwisha," akasema. "Sasa ninaweza kwenda."

Nilimtazama Pascasie. Nyirarukundo ndiye aliyesema.

"Kwenda kwa nani, Habarurema? Angalia. Mulima yote iko hapa, imevua viatu. Ukifika Kiwanja leo, utasalimia nani?"

Muzee akageuka kuangalia televisheni. Nyasi ziliinama kwa zamu. Kila jani lilikuwa mahali pake, na nyumba zote zilikuwa nzima, na barabara ilikuwa tupu mpaka mwisho wa macho. Alikaa akiiangalia hivyo mpaka Pascasie akaingiza sufuria ya mahindi, moto, yenye maharagi katikati. Muzee alichukua hindi la kwanza, akalivunja, akampa Nyirarukundo nusu.

"Basi tutaenda siku moja wote," akasema. "Mimi sitaki kuwa mutu moja ndani ya jeu."

Alikula mbele yangu. Nilisahau kutazama ukuta, naye hakunikumbusha.

22 Novemba

Amehama. Siyo kwenda Kiwanja: Kibati, kwenye kibanda kando ya Ndayambaje. Anasema jikoni kwa binti ni kuzuri, ila mtu hukaa na watu anaowasalimia asubuhi. Pascasie alilia, kisha akampa godoro letu. Letu, siyo la wageni. Mgongo wangu unalijua hilo.

Nyirarukundo amemrudishia jembe. Guylain amelitilia mpini.

30 Novemba

Mvua. Hakuna wateja.

14 Desemba

Mvua inapungua. Milio haijakwisha, lakini leo ilikuwa mbali.

Niliamka mapema, nikafungua salle kabla ya watu. Niliwasha shamba, nikajiambia nataka kuona tu kama mashine inafanya kazi. Mabua yamekatwa, umande uko juu yake. Ile mistari miwili imesimama ukingoni, na mchezo bado unanikumbusha kwamba kazi haijakamilika. Nikavua viatu. Nikatembea mpaka barabarani, nikapita kwa Nyirarukundo, nikapita kwa Ndayambaje. Nikasimama.

"Mwaramutse," nikasema.

"Mwaramutse, mukwe," ikajibu sauti nyuma yangu.

Muzee alikuwa mlangoni, amelowa mabega, ametembea tangu Kibati. Aliyaweka mabuti yake kando ya viatu vyangu.

"Unaongea na nani?"

"Na watu wa kwenu."

Alitazama barabara ile tupu. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu yangu, karibu kuliko kawaida ya baba mkwe.

"Bado bako njiani," akasema. "Tungoje."